Mkono Usiotajwa



Wengi wetu tunaijua Malaz, hapa Riyadh, kwa maduka yake na uwanja wake wa mpira. Lakini mtaa huu una asili ya kalamu na karatasi. Ulijengwa miaka ya 1950, wizara zilipohamishwa kutoka Hijaz na watumishi wa serikali wakahitaji makaazi. Chuo kikuu cha mwanzo cha nchi hii, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Mfalme Saud, kilifunguliwa Riyadh mwaka 1957, na kwa miaka mingi baadhi ya vitivo vyake vilikuwa papa hapa Malaz.

Vyuoni msomi hupimwa kwa makala zilizobeba jina lake, na jina likishakuwa na thamani huwa na bei. Desemba 2011 jarida la Science lilieleza jinsi Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, Jeddah, kilivyowapa mikataba minono wataalamu mashuhuri wa nchi nyengine, nao wakaongeza jina la chuo hicho kwenye makala zao. Baadhi yao walijitetea kwamba ushirikiano ulikuwa wa kweli. Hapo angalau majina yote yalionekana. Siku hizi limezuka la mkono usioonekana kabisa.

Programu ya akili mnemba iitwayo ChatGPT ilitolewa tarehe 30 Novemba 2022. Januari 2023 jarida la Nature likatamka: programu haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kubeba dhamana ya kilichoandikwa, na aliyeitumia aseme. Wengi hawakusema. Mwaka huo huo makala moja katika jarida la fizikia, Physica Scripta, ilichapishwa ikiwa bado na maneno ya kitufe cha ChatGPT cha kuomba jibu jipya. Machi 2024 ikagunduliwa nyengine, ya mambo ya betri, ambayo utangulizi wake ulianza kwa programu kumwitikia aliyeiagiza. Waandishi, wahakiki na wahariri, wote walipita juu yake wasione. Na hizo ni zile zilizojisema zenyewe. Utafiti uliotoka mwaka 2025 katika Science Advances ulipitia ikisiri zaidi ya milioni 15 za makala za tiba na sayansi ya viumbe, ukakadiria kuwa angalau asilimia 13.5 ya zile za mwaka 2024 zilipitishwa kwenye programu za namna hii.

Huenda mtu akauliza, hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, maana Waswahili tumewahi kuwa mkono huo uliofichwa.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kikapigwa chapa Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa ilitoka kwa Mtoro, lakini kilijulikana kuwa ni kitabu cha Mjerumani, Carl Velten. Mtoro alifariki Ujerumani mwaka 1927. Ilipofika 1981 ndipo tafsiri ya Kiingereza iliyotayarishwa na J. W. T. Allen ikaliweka jina la Mtoro kwenye kichwa cha kitabu, pamoja na "Waswahili wengine".

Baadaye, katika miaka ya 2010, vijana wengi wa Kenya wenye shahada na wasio na ajira waliandika insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo. Kijana alikesha, alama akachukua mwengine. Hata ndani ya mashine yenyewe mna mikono yetu. Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI, walisoma na kupanga maandishi machafu mno ili programu ijifunze kuyaepuka, kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa.

Hatusemi kwamba kusaidiwa ni aibu. Anayeandika kwa lugha aliyojifunza ukubwani ana haki ya kusawazishiwa maneno, kama zamani mtu alivyompa rafiki aipitie barua yake. Lakini wanavyuoni wetu, wa Pwani na wa Hijaz, walipokea elimu kwa isnadi: nimepokea kwa fulani, naye kwa fulani. Msikilizaji aliweza kumpima kila mmoja katika mnyororo, na palipokatika pakajulikana. Mashine iliyofichwa ni pete isiyoweza kuulizwa. Ikizua rejea ya kitabu kisichokuwapo, au kipimo cha dawa ambacho hakuna aliyekipima, msomaji atadhani kuna mtu aliyehakikisha, na mgonjwa ndiye atakayelipa.

Basi vijana wetu wanaosoma hapa na kwengineko, sentensi moja yatosha: programu gani imetumika, na kwa kazi gani. Iandikwe siku ile ile makala inapopelekwa kwa mhariri. Jina la Mtoro lilingoja miaka 78 kufika kwenye kichwa cha kitabu chake, na wenzake, juu ya kichwa hicho, wamebaki kuwa "wengine" tu.