Kosa namba 200 na mweka hazina wa chama

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi. Wengine mmeniuliza kama nimefukuzwa kazi. Bado nipo, naandika habari za mabaraza ya madiwani kama kawaida. Nilikuwa nyumbani kwa baba mdogo, mbele ya kompyuta nzee kuliko simu zote mnazotumia kusoma hapa, natafuta jibu la swali ambalo ukoo wetu umeliacha tangu kabla sijazaliwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba mdogo alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, na pia mweka hazina wa chama cha walimu cha kuweka na kukopa. Mwaka 1995 alijifunza mwenyewe lugha ya Pascal kutoka kwenye kitabu cha kuazima, akaandika programu ya kutunza hesabu za chama. Ilifanya kazi miaka mitatu bila shida. Mwaka 1998 chama kikanunua kompyuta mpya, Pentium II, na ile ya zamani ikauzwa. Siku ya mkutano mkuu baba mdogo akaweka disketi, akaandika jina la programu, akabonyeza. Kioo kikatoa mstari mmoja tu: Runtime error 200, halafu namba mbili zenye nukta pacha katikati. Basi. Akarudia, ikawa hivyo hivyo. Akaweka disketi ya akiba, hali ile ile. Mjumbe mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, hiyo 200 ndiyo laki mbili zinazopungua?" Ukumbi ukacheka. Bahati mbaya, daftari la mkono lilipohesabiwa, fedha taslimu zilipungua kweli, shilingi 214,000. Baba mdogo alijiuzulu, akakatwa mshahara mpaka deni likaisha. Hajagusa kompyuta tena.

Sasa tuingie kwenye historia. Sitaanza na yule nondo aliyekutwa ndani ya kompyuta ya Harvard mwaka 1947, maana kila anayeandika juu ya makosa ya kompyuta anaanza naye, hata mimi nimechoka kumsoma. Nitaanza na saa.

Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani. Prosesa yake, Intel 8088, ilikwenda kwa kasi ya megahezi 4.77. Namba hiyo ya ajabu ilitokana na kioo cha kutetema cha megahezi 14.318, kilichofungamana na vipimo vya televisheni ya rangi ya Marekani. Gawanya kwa tatu unapata kasi ya prosesa. Gawanya kwa kumi na mbili unapata mapigo ya chipu ya saa, ambayo nayo ilihesabu mapigo 65,536 ndipo igonge mara moja. Matokeo yake, saa ya kompyuta ile iligonga mara 18.2 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 55. Mgongo huo wa milisekunde 55 ulirithiwa na kompyuta za jamii hiyo kwa miaka mingi, hata ile ya chama cha walimu. Uushike, tutauhitaji.

Waandishi wa programu wa mwanzo hawakujisumbua na saa. Kompyuta zote zilikuwa na kasi moja, kwa hiyo aliyetaka programu isubiri kidogo aliiambia ihesabu tu. Wadau mliocheza kombolela mnajua tatizo lake. Anayefumba macho anaambiwa ahesabu mpaka hamsini, ninyi mkajifiche. Akihesabu taratibu mnafika nyuma ya nyumba, akihesabu mbio mbio anawakuta bado mpo uwanjani. IBM ilipotoa kompyuta ya AT mwaka 1984 kwa megahezi 6, na wengine wakafuata na za haraka zaidi, michezo ya kompyuta ikaanza kukimbia kiasi cha kutochezeka. Ndiyo asili ya kile kitufe kilichoandikwa Turbo kwenye makasha ya zamani. Watu wengi walidhani kinaongeza kasi. Kazi yake hasa ilikuwa kuipunguza, ili programu za zamani ziweze kutembea.

Hapa wanaingia Borland. Pascal yenyewe ilibuniwa na Niklaus Wirth wa Zürich mwaka 1970, lugha nadhifu ya kufundishia wanafunzi. Novemba 1983 Borland ya Philippe Kahn ikatoa Turbo Pascal kwa dola 49.95, wakati washindani waliuza kompaila kwa mamia ya dola. Kiini chake kiliandikwa na kijana wa Denmark, Anders Hejlsberg, ambaye baadaye alikwenda Microsoft na kubuni C#. Ilikuwa ndogo na ya haraka. Ilienea mashuleni na vyuoni duniani kote, na huku kwetu ikafika kwa kunakiliwa kutoka disketi hadi disketi, tuseme ukweli. Ikumbukwe kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, kwa hiyo kizazi cha baba mdogo kilikutana na mashine hizi kikiwa na mvi za kwanza.

Borland walilijua tatizo la kombolela na wakalitafutia dawa ya akili sana. Ndani ya Turbo Pascal kulikuwa na yuniti iitwayo Crt, ya kufuta kioo, kupaka maandishi rangi, kutoa mlio, na kusubiri. Amri ya kusubiri iliitwa Delay: unaipa idadi ya milisekunde, inasimama. Ili isidanganywe na kasi ya mashine, Crt ilijipima kwanza. Programu inapoanza tu, inangoja saa igonge, halafu inahesabu mbio mbio mpaka saa igonge tena. Imehesabu mara ngapi ndani ya milisekunde 55? Igawe kwa 55, na hiyo ndiyo idadi ya kuhesabu kwa kila milisekunde moja. Mashine ya polepole itapata namba ndogo, ya haraka itapata kubwa, na kusubiri kunabaki kule kule. Mimi niliposoma hilo nilimvulia kofia aliyeliwaza.

Kasoro ilikuwa kwenye kikapu cha kupokelea jibu. Katika toleo la 7, lililotoka mwaka 1992, jibu la kugawanya liliwekwa kwenye rejista ya biti 16, na rejista hiyo haiwezi kubeba namba inayozidi 65,535. Zidisha 65,536 kwa 55. Unapata 3,604,480. Kompyuta ikiweza kuhesabu mizunguko kiasi hicho kati ya mgongo mmoja wa saa na mwingine, jibu halitoshei. Mwaka 1992 mashine ya mezani ya kutambia ilikuwa 486 ya megahezi 66. Nani angehangaika? Lakini Novemba 1995 Intel walitoa Pentium Pro iliyofika megahezi 200, na Mei 1997 wakatoa Pentium II za 233, 266 na 300. Toka 1981, kasi ilikuwa imepanda zaidi ya mara 60. Kwenye mashine hizo mpya, Crt ilivuka mpaka wake ndani ya mgongo mmoja wa saa.

Na hapa ndipo penye uchungu. Prosesa za Intel hutoa kilio kimoja kwa makosa mawili: ukigawanya kwa sifuri, na ukigawanya vizuri kabisa lakini jibu likashindwa kuenea kwenye rejista. Turbo Pascal ilipokisikia kilio hicho ilikuwa na tafsiri moja tu, kosa namba 200, kugawanya kwa sifuri. Hakukuwa na sifuri yoyote. Mgawanyo ulikuwa wa 55, sahihi, halali. Aliyeufungua msimbo wake kutafuta wapi amegawanya kwa sifuri angeweza kutafuta mpaka alfajiri bila kupata. Mbaya zaidi, Crt ilijipima kabla ya mstari wa kwanza wa programu yako kuanza kazi, kwa hiyo hata ukiweka mtego wa kukamata makosa, mtego wako unategwa baada ya mnyama kupita. Na haikujalisha kama hukuwahi kuandika Delay popote. Kuiita Crt kwa ajili ya rangi tu kulitosha.

Kukazuka na imani kwamba namba 200 inatokana na megahezi 200. Ni kusadifu tu. Orodha ya makosa ya Turbo Pascal ilikuwa na 200 kwa kugawanya kwa sifuri tangu zamani, kama ilivyokuwa na 2 kwa faili lisilopatikana na 202 kwa stafu, yaani rundo la kumbukumbu, kufurika. Lakini naelewa kwa nini watu waliamini. Yule mjumbe aliyesema laki mbili naye alitumia mantiki ile ile.

Dawa zilipatikana. Borland kwa wakati huo ilikuwa imeshahamia kwenye Delphi, iliyotoka 1995, na watumiaji wenyewe ndio walioandika viraka vingi: vingine vya kurekebisha yuniti kabla ya kukompaili upya, vingine vya kupasua programu iliyokwisha kukompailiwa na kubadilisha baiti chache. Na kulikuwa na programu za kupunguza kasi, kama Mo'Slo, kitufe cha Turbo bila kitufe. Zote zilisambaa kwenye intaneti. Mwalimu wa wilayani mwaka 1998 angeipata wapi intaneti?

Msidhani hili ni la walimu wa hesabu peke yao. Windows 95 iligoma kuwaka kwenye prosesa za AMD K6-2 za megahezi 350 kwenda juu, kwa sababu ya mzunguko wa kupimia muda uliokwisha upesi kupita ilivyotarajiwa. Kasi ilipovuka gigahezi 2.1, Windows 95 na 98 zikaanguka tena, sehemu ya mtandao, kwa hesabu za jamii hiyo hiyo. Na Uingereza, kati ya 1999 na 2015, zaidi ya wasimamizi 900 wa ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kutokana na takwimu za mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, hadi Bunge likatunga sheria mwaka 2024 ya kufuta hukumu zao. Horizon ilitoa hesabu za uongo, ya baba mdogo haikutoa hesabu kabisa, lakini mkutanoni aliyesimama mbele ya kioo ndiye aliyeulizwa.

Turudi nyumbani. Disketi zilikuwa tatu, kwenye kopo la maziwa ya unga. Niliwasha kompyuta ya zamani ya familia, Pentium 4 yenye Windows XP na tundu la disketi. Ya kwanza haikusomeka. Ya pili nayo. Ya tatu ilikwaruza sana, nikawa nimeshika pumzi, ikasoma. Nikaifungua programu na ule mstari ukatokea, Runtime error 200. Wadau, nilisisimka. Nilikuwa nimeusikia maisha yangu yote, sijawahi kuuona.

Nikanakili mafaili kwenye flashi, nikayahamishia kwenye laptop yangu. Windows za biti 64 hazitembezi kabisa programu za DOS, hivyo nikaweka DOSBox, ambayo inaigiza kompyuta ya zamani na kukuruhusu kuchagua mwendo wake. Nikauacha mwendo ule wa chini. Kioo kikawa cha bluu, maandishi ya njano, "KARIBU CHAMA CHA WALIMU", na spika ikalia mlio mmoja mfupi.

Nikamwita. "Shikamoo baba mdogo, njoo uone." Akaitika marahaba kutoka uani, akaja akijifuta mikono, akasimama nyuma ya kiti bila kusema kitu. Nilifungua ukurasa wa Machi 1998. Mikopo minne. Kwenye daftari la mkono, ambalo analo mpaka leo, ipo mitatu. Wa nne ni wa shilingi 200,000, umeandikwa jina la mkopaji na tarehe, na hauna alama ya kurejeshwa. Zile 14,000 sijazipata, huenda ni riba, huenda ni nauli ya mtu, sijui.

Aliutazama muda mrefu. Halafu akasema programu inakwenda polepole kuliko alivyoikumbuka, akaniuliza kama naweza kuiongeza mwendo kidogo. Nikamwambia tukizidisha itakataa tena. Akasema basi, iache hivyo hivyo. Akaniomba nikipige picha kioo, na picha nimtolee nakala mbili, moja yake, na nyingine ampelekee mwenyekiti wa wakati ule, ambaye bado yuko hai na wanasali kanisa moja. Kesho Jumamosi nampeleka mjini kuzisafisha.