Kasi ya Gongo Huanzia Mguuni

Besiboli ilipoanza kufundishwa katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, mwaka 2012, kwa juhudi za Mjapani Shinya Tomonari, ilikuja na desturi za Japani, nchi iliyofundishwa mchezo huo na mwalimu Mmarekani, Horace Wilson, mwaka 1872. Hata mashindano ya shule za hapa yakapewa jina la Koshien, uwanja uliojengwa Japani mwaka 1924. Kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba kijana wa Temeke, wilaya ya jiji hilo, anayeshika gongo kwa mara ya kwanza hana chochote cha kuanzia. Historia ya upigaji wenyewe inaonyesha kwamba anacho, na kipo mguuni.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wapigaji wengi wa Marekani waliuchokonoa mpira zaidi kwa mikono. Mmoja wao, Babe Ruth, akageuza mambo kwa kuzungusha gongo kwa mwili mzima: homurani (mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote) 29 mwaka 1919, 54 mwaka 1920. Mpigaji mwingine wa Marekani, Ted Williams, katika kitabu chake cha 1971, alisisitiza kwamba nyonga ndiyo huiongoza mikono. Huko Japani, mpigaji Sadaharu Oh aliinua mguu wa mbele kabla ya kupiga, akamaliza na homurani 868. Mafundisho yao yanakutana mahali pamoja: mguu unakita, nyonga inageuka, kiwiliwili kinafuata, mikono inakuja mwisho, na kasi inaongezeka hatua kwa hatua hadi sehemu ya gongo inayopiga mpira, ambayo katika ligi kuu ya Marekani hufikia wastani wa kilomita 115 hivi kwa saa. Sasa tazama shuti la chandimu, soka ya mitaani: mguu wa egemeo unakita, nyonga inatangulia, paja linafuata, wayo unamalizia. Temeke, yenye Uwanja wa Uhuru uliopokea uhuru mwaka 1961 na ule wa Mkapa uliofunguliwa 2007, imelea mpangilio huo kwa vizazi.

Atakayepinga atasema nguvu ya kupiga ni ya misuli ya mikono. Lakini mikono pekee, hata ikiwa minene, haiwezi kuzalisha mwendo ambao miguu na nyonga huzalisha kwa pamoja. Kazi yake kubwa ni kuupokea na kuuelekeza. Pingamizi la pili ni zito zaidi: mpira wa adhabu katika soka umetulia chini, ilhali wa besiboli unarushwa kutoka mita 18.44, na ukienda kilomita 145 kwa saa unafika kwa chini ya nusu sekunde. Hilo ni kweli, na chandimu haikumwandaa kijana kwa hilo. Ndiyo maana kocha asipoteze miezi akimfundisha kugeuza nyonga kana kwamba hajawahi kuigeuza. Amwonyeshe kwamba shuti na pigo ni ndugu, kisha muda uliobaki autoe kwa macho: kuusoma mpira ungali mkononi mwa mrushaji.