Kibandiko Kinahitaji Ganda

Wasee, tuambiane ukweli. Hapa Kivaa ukitaka nyimbo mia za Kikamba, unampelekea jamaa wa kuchaji simu memori kadi, anakujazia. Msanii hapati hata ndururu.

Hii tabia haikuanza na simu. Enzi za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, benga ilitoka River Road, Nairobi, kwa santuri, halafu kanda. Redio ya kaseti mbili ilipoingia mtaani, kila mwenye nayo akawa kiwanda. Kanda mpya za kunakilia zikikosekana, watu walichukua hata kanda ya dukani iliyovunjwa vimeno ili isirekodiwe juu, wakaziba tundu kwa karatasi. Mahubiri yakageuka benga.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ikaja na dawa: kibandiko cha usalama kwenye kanda, CD na DVD zinazouzwa, chini ya KECOBO. Wazo poa, mnunuzi anajua ipi halali. Lakini kibandiko kinahitaji ganda. Wimbo ukihamia memori kadi, utakibandika wapi? Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa, mwenye kazi akaweza kudai nakala haramu iondolewe mtandaoni. Sawa, ila kadi ya Kivaa haiko mtandaoni.

Kwa hivyo kufuli iliyobaki ni sisi. Mimi pia nimejaziwa sana. Uchungu nimeujua juzi, nilipoona video yangu kwa ukurasa wa mtu, jina langu limekatwa. Msanii wa kwenu unamjua, na M-Pesa ipo. Mtumie kitu kabla hujajaza kadi.