Mtepe, Chombo Kilichoshonwa kwa Kamba

Mwenye kijitabu hiki na akifungue, na ajuaye kusoma awasomee wenzake walio karibu naye.

Leo nataka tutoke hapa Bahi twende pwani ya kaskazini, kwenye visiwa vya Lamu. Huenda mtu akauliza: sisi watu wa bara, maji yetu ni bwawa hili ambalo mwaka wa mvua hujaa na mwaka wa ukame hubaki tope na nyasi, twataka nini na habari za merikebu? Ngoja kidogo. Kibuyu kikipasuka, mama hakitupi. Hutoboa vitundu kandokando ya ufa, akapitisha uzi, akakaza, kisha kibuyu kikachukua maziwa tena. Sasa fikiri watu wanashona kwa namna hiyo chombo kizima chenye urefu wa mita 20 hivi, halafu wanapakia shehena na kwenda nacho baharini. Chombo hicho kiliitwa mtepe.

Waliojulikana sana kwa kuunda mitepe ni Wabajuni na watu wa Pate, Siyu na Faza. Mbao zilitobolewa matundu, zikaunganishwa kwa vigingi vya mti, zikafungwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Kamba hizo zenyewe zilikuwa kazi kubwa. Makumbi hufukiwa katika tope la maji ya chumvi kwa miezi, hufukuliwa, hupondwa mpaka zibaki nyuzi tupu, ndipo husokotwa. Wasokotaji walikuwa hasa wanawake, nami naona ajabu kwamba vitabu vingi humtaja nahodha lakini vyamsahau mama huyu, ambaye bila kamba yake pasingekuwa na safari. Tanga nalo lilikuwa jamvi lililosukwa kwa majani makavu, la pembe nne, likatundikwa katika mlingoti ulionyooka. Omo yake ilirefuka kama shingo ya ndege, ikachorwa macho mawili.

Kwa nini wasitumie misumari? Wasafiri wa kale walisimulia kwamba baharini mna sumaku ivutayo chuma, na chombo chenye misumari huvunjika. Hiyo ni hadithi tu. Chuma kilikuwa ghali, minazi ilikuwa tele. Tena chombo kilichoshonwa hulegea kidogo kinapogonga mwamba au kinapokalia mchanga maji yakitoka, hali mbao zilizopigiliwa misumari huenda zikapasuka. Ibn Jubayr, msafiri aliyevuka Bahari ya Shamu mwaka 1183, alieleza vyombo vya kule vilivyoshonwa kwa nyuzi za nazi na kupakwa mafuta ya papa ili mbao zisiwe kavu, kwa sababu ya miamba mingi. Mafuta hayo mabaharia wetu huyaita sifa. Harufu yake, aliyewahi kuinusa hawezi kuisahau.

Lakini kulegea huko kulikuwa na gharama yake. Maji yalipenya daima. Usiku na mchana mtu mmoja alikuwa chini, mkononi ana upo, anafua maji. Akichoka hushika mwingine. Wakilala wote, chombo chazama. Ndiyo maana shehena iliyofaa mtepe ilikuwa boriti za mikoko, ambazo hazidhuriki na maji. Chombo hakikuhitaji kina kirefu, basi kiliingia ndani ya vijito vya mikoko, watu wakasimama topeni na kupakia miti mmoja mmoja. Boriti hizo zilipelekwa Unguja na penginepo kuezekea nyumba za mawe. Ukiingia nyumba ya kale ya pwani ukakuta chumba ni kirefu lakini chembamba, sababu ni hiyo: upana wake ni urefu wa boriti.

Tanga la jamvi halikuweza kukabili upepo. Basi walishuka kusini kwa kaskazi, yaani kuanzia Desemba hadi Machi, wakarudi kwao kwa kusi. Wakati kusi inapovuma kwa nguvu, yapata Juni na Julai, vyombo vidogo havitoki. Chombo kikiwa pwani hakukuwa na mapumziko, maana kamba huoza, nazo lazima zikatwe na mbao zishonwe upya.

Hapa niseme kosa langu. Nilipoanza kufundisha niliwaambia wanafunzi kwamba ujuzi wa kuunda vyombo vya baharini uliletwa pwani na wageni kutoka Arabuni. Baadaye nilisoma kwamba mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kiyunani yapata katikati ya karne ya kwanza, alitaja bandari ya pwani yetu iitwayo Rhapta, akasema jina hilo limetokana na mashua zilizoshonwa za mahali hapo. Hiyo ni zaidi ya miaka 500 kabla ya kuja Uislamu. Haithibitishi kwamba mashua zile zilikuwa mitepe hasa, wala haikanushi kwamba watu wa Bahari ya Hindi walifundishana mengi. Lakini nilichofundisha hakikuwa kweli, na wanafunzi wale sasa ni watu wazima.

Katika karne ya 19 misumari ilipungua bei. Jahazi lenye tanga la pembe tatu lilikwenda vizuri zaidi dhidi ya upepo, tena halikutaka kushonwa kila mara. Zikaja meli za moshi. Kufikia miaka ya 1930 mitepe ya mwisho ilikuwa ikitoweka. Mwanzoni mwa karne hii ya 21 mafundi walishona mmoja tena Unguja, wakitegemea picha za zamani na mifano midogo iliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, maana wazee waliokuwa wakiishona walikwisha kufa.

Kabla ya somo lijalo, kikundi kizungumze haya: Hapa kwetu ni nani bado ajuaye kuchonga mtumbwi au kushona kibuyu? Alifundishwa na nani? Andikeni majina yao mje nayo.