Nyumba za Barabara ya Hunterfly

Mwaka 1838, miaka 11 baada ya utumwa kukomeshwa katika jimbo la New York, mtu mweusi huru aitwaye James Weeks alinunua kiwanja Brooklyn, na kijiji kilichochipuka hapo kikaitwa Weeksville. Ardhi ile ilikuwa na uzito zaidi ya makazi. Katiba ya jimbo ya mwaka 1821 ilimtaka mwanamume mweusi amiliki mali ya dola 250 ndipo apige kura, kwa hiyo kumiliki kiwanja kulikuwa njia ya kudai uraia. Mwaka 1863, makundi ya wazungu yalipowashambulia watu weusi Manhattan, wengi waliponea Weeksville. Kisha jiji likatanuka, likachora mitaa yake iliyonyooka, na kijiji kikamezwa hata jina likasahaulika.

Wapo wanaoshikilia kwamba historia ya namna hii inatosha kutunzwa katika nyaraka, na nyumba chakavu za mbao ziachie nafasi majengo mapya. Weeksville yenyewe inawakanusha. Hati za viwanja na orodha za sensa hazikupotea, lakini hazikumzuia mtu yeyote kusahau. Mwaka 1968 mwanahistoria James Hurley, aliyelijua jina hilo kwa kusoma, aliruka kwa ndege na rubani Joseph Haynes juu ya Brooklyn, wakaona nyumba nne zilizokaa upande, bila kufuata mstari wa mtaa wa Bergen. Zilifuata Hunterfly, njia ya zamani iliyokuwapo kabla ya mitaa hiyo. Mkao wa nyumba hizo ulikuwa ushahidi ambao karatasi yoyote isingeuonyesha hivyo.

Wakazi, pamoja na wanafunzi wa shule ya jirani, waliiomba tume ya jiji ya majengo ya kihistoria izilinde nyumba hizo, nayo ikaziorodhesha mwaka 1970. Tume hiyo ilitokana na sheria ya mwaka 1965, iliyopitishwa baada ya stesheni kuu ya reli ya jiji hilo, Pennsylvania Station, kuanza kubomolewa. Orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, iliyozipokea mwaka 1972, ina heshima kubwa zaidi, lakini haimzuii mwenye mali kubomoa kwa fedha zake. Ya jiji humzuia mpaka apate kibali. Ndiyo maana naona orodha ya jiji ina nguvu kuliko ile ya kitaifa.

Pingamizi zito ni kwamba katazo halina fedha: humfunga mwenye nyumba, halimwezekei paa. Ni kweli. Jumuiya ya wenyeji iliyoongozwa na Joan Maynard ililazimika kuzinunua nyumba hizo, na ukarabati haukukamilika hadi mwaka 2005. Mwaka 2019 kituo kinachozitunza kilikaribia kufungwa, kikaokolewa na michango ya watu. Jiji linaloamuru nyumba isibomolewe linapaswa kuchangia matengenezo yake. New York ilikubali hilo mwaka huohuo, ilipokiingiza kituo hicho katika kundi la taasisi za utamaduni zinazopata ruzuku ya jiji kila mwaka.