DAMU INASEMA (Sehemu ya 4): Namba iliyoshuka mara sita

Haya wapendwa, tuendelee. Tangu jana mmejaza inboksi yangu na swali moja: "Sista, risasi kiasi gani kwenye damu ya mtoto ni salama?" (Risasi ya madini jamani, sio ya bunduki 😅.) Kabla sijajibu, nisikilizeni.

Miaka ya 1960 kule Marekani, daktari hakushtuka mpaka mtoto afikishe mikrogramu 60 kwa desilita moja ya damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikashushwa hadi 40. Mwaka 1975 ikawa 30. 1985, 25. 1991, 10. 2012, 5. 2021, 3.5.

Damu ya watoto ni ileile. Kilichobadilika ni macho yetu.

Mwaka 1979 daktari Herbert Needleman alipima risasi kwenye meno ya utotoni yaliyong'oka, ya watoto wa shule ambao hawakuonekana wagonjwa hata kidogo. Waliokuwa na risasi nyingi ndio waliokuwa nyuma kwenye vipimo vya akili na utulivu darasani.

Halafu petroli. Kati ya 1976 na 1980 serikali yao ilipima damu ya maelfu ya watu nchi nzima. Risasi kwenye petroli ilivyopungua, na kwenye damu ikashuka kwa zaidi ya theluthi. Ubishi ukakosa pa kusimama.

Sisi huku kusini mwa Sahara tuliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006. Uliyezaliwa kabla ya hapo, moshi ule umeuvuta.

Na hapa mama wajawazito mnisikie vizuri. Kwenye damu risasi hupungua nusu kwa mwezi hivi, lakini kwenye mifupa hukaa miaka na miaka. Ukibeba mimba, mifupa inaitoa tena, inamfikia mtoto.

Kwa hiyo jibu langu: kiwango salama hakijulikani. Kila tulipodhani tumekipata, tulikosea.

Baba unayeyeyusha betri chakavu, oga na badilisha nguo kabla hujambeba mtoto. Na mkija kliniki, tuambieni kazi mnayofanya hata kama hatujauliza. Bila hivyo, hakuna atakayefikiria kupima.

Kesho tunaenda Owino Uhuru, Mombasa. Msikose.