Kutoka Chunguni hadi Kikaangio cha Hewa: Safari ya Mafuta Jikoni Mwetu

(Muziki wa kufungulia kipindi)

  Leo tunauliza: mafuta ya kupikia yaliingiaje jikoni mwetu, na tuyatumieje bila kuumiza familia?

Hapo zamani, chakula chetu Ukambani kilikuwa cha kuchemshwa. Isyo na muthokoi vilikaa chunguni saa nyingi. Viazi vitamu na mihogo vilichomwa kwenye majivu ya moto. Mafuta yalikuwa samli ya ng'ombe, nayo ilitiwa kidogo tu.

Kisha likaja gari la moshi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikapita hapa Makindu, ikafika Kisumu mwaka wa 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, wakaja na mapishi yao ya chapati na bajia. Hata neno karai ni lao. Mwaka wa 1926 Masingasinga walijenga hekalu hapa Makindu, na hadi leo msafiri hupewa humo chakula bila malipo. Basi, vya kukaangwa vilipoingia kwetu, vilikuwa vya sikukuu na wageni. Shida ilianza vilipokuwa vya kila siku.

Mafuta nayo yalibadilika. Mwaka wa 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya njia ya kugandisha mafuta ya maji kwa kutumia hidrojeni. Baadaye mafuta magumu ya mkebe yakafika madukani kwetu. Mama alipomaliza mafuta, mkebe wa kilo mbili ukawa gorogoro ya kupimia mahindi sokoni! Lakini mwaka wa 1990 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba mafuta yaliyogandishwa nusu kwa njia hiyo huongeza lehemu mbaya katika damu na kupunguza iliyo nzuri. Hiyo ni njia ya ugonjwa wa moyo. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote yaondoe mafuta ya aina hiyo katika vyakula.

Mama, hatari nyingine iko kwenye karai yenyewe. Mafuta yakishakuwa meusi, yakitoa povu na moshi, yameharibika. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A, lakini vitamini hiyo hupungua kila unapoyachemsha tena. Najua mafuta ni ghali, na kuyamwaga kunauma. Dawa ni kukaanga kwa nadra, na kwa mafuta kidogo.

Hapo ndipo kinapokuja kile chombo cha umeme kinachoitwa eafraya, yaani kikaangio cha hewa. Kilionyeshwa Berlin na kampuni ya Philips mwaka wa 2010. Ndani yake mna waya wa moto na feni inayozungusha hewa kwa kasi, hivyo kiazi hukauka nje na kuiva ndani kwa kijiko kimoja cha mafuta.

Hata hivyo, usidanganyike. Soseji iliyopikwa humo bado ina chumvi na mafuta yake. Tena, mwaka wa 2002 wanasayansi wa Uswidi waligundua kwamba viazi vikipikwa kwa moto mkali hutoa kemikali ya akrilamaidi, inayoshukiwa kuleta saratani. Kwa hiyo toa viazi vikiwa vya rangi ya dhahabu, visiwe vya kahawia iliyokolea.

Na mama asiye na umeme? Usihuzunike. Chemsha viazi, kisha vigeuzegeuze kwenye sufuria yenye kijiko kimoja cha mafuta. Kuku mchome juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto. Choma viazi vitamu kama nyanya zetu walivyofanya.

Jambo la mwisho: mtoto wa chini ya miaka miwili anahitaji mafuta ili akue. Usimnyime. Mtilie kijiko kidogo cha mafuta safi katika chakula chake.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Nyumbani kwako mnakaanga mara ngapi kwa wiki?
2. Utayajuaje mafuta yaliyoharibika?
3. Ni chakula gani cha nyanya zetu tunaweza kukirudisha mezani?